Lazima Kitu Kilowe

Zulia la ukumbini lilimjibu Mama Picha chini ya kandambili: chwa, chwa. Akasimama. Alikuwa ametoka zahanati kumpeleka mama mkwe wake kupimwa presha, na mkononi bado alishika bahasha ya vidonge. Mlango wa chumba cha kazi ulikuwa umefungwa kama alivyouacha, lakini chini yake maji yalikuwa yanatoka taratibu, kama mgeni anayeaga.

Alipousukuma aliona ubao wa dari umevunjika katikati na kuning'inia kama ulimi. Maji yalishuka kwenye ulimi huo bila haraka, yakaingia moja kwa moja katika kompyuta. Kompyuta ilikuwa imewashwa tangu asubuhi. Aliiacha inapika, maana hivyo ndivyo wapiga picha wa harusi wanavyosema: ukishakata na kuunga vipande vyote vya filamu, unaiachia mashine ipike yenyewe, nawe unaendelea na shughuli zako. Sasa kioo kilikuwa cheusi, na chumba kilinuka plastiki iliyoungua.

"Usiguse!" mama mkwe alipiga kelele kutoka nyuma. "Umeme huo, mwanangu! Kwanza zima kule ukutani!"

Alizima swichi kubwa, akafunga koki ya tangi, kisha akaanza kubeba. Kompyuta, kioo, printa, diski mbili, na ile televisheni ambayo maharusi waliketi mbele yake kujitazama na kulia. Alivipanga uani juu ya mkeka, vikawa kama samaki wa kuanikwa. Maji yalitiririka kutoka kwenye printa yakiwa ya bluu.

"Angalau redio ya marehemu imepona," mama mkwe alisema, akishika kifua. Redio hiyo ya sanduku la mbao, kubwa kama mtoto wa miaka mitatu, aliiacha marehemu baba mkwe, na miaka yote ilikaa rafu ya chini, pembeni mwa printa. Sasa ilikuwa chumbani kwa mama mkwe, juu ya kabati la nguo, imefunikwa taulo. "Mungu haachi vyote viende."

Mama Picha aliitikia bila kusikiliza. Alikuwa akiifuta diski kwa upindo wa kanga, akiifuta na kuifuta, kama mtu anayemfuta mtoto machozi.

Mumewe, Fundi, aliingia alasiri na sanduku lake la vifaa. Alikuwa fundi bomba, na ubavuni mwa sanduku lile aliandika kwa rangi nyeupe: USIPOZIBA UFA. Wateja walipomuuliza mbona methali haikuisha, aliwajibu, "Iliyobaki iko kwenye bei." Kwenye ukingo wa sanduku vilining'inia vipande vya kitambaa chekundu cha mahameli. Mwezi uliopita pazia jekundu la kupigia picha lilichanika ukumbini kwenye harusi ya watu, Mama Picha akataka kulitupa, Fundi akalikatakata. Ilikuwa desturi yake ya kazi: akikuta kiungo cha bomba kinavuja na hana muda wa kukitengeneza siku hiyo, anakifunga kitambaa, mafundo mawili, ili akirudi asipoteze muda kutafuta.

Alisimama mlangoni mwa chumba cha kazi akatazama juu kwa muda. Hakupanda.

"Acheni kila kitu kama kilivyo," alisema. "Mkaguzi wa bima lazima apaone."

*

Mama Picha alishangaa, kwa sababu bima ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyeikata, jina lake ndilo lililokuwa kwenye mkataba, na ada aliilipa kutoka katika harusi za watu. Fundi alikuwa akiita bima mchango wa harusi ya mtu usiyemjua: unatoa, hualikwi, hata picha huonyeshwi.

"Tusikimbilie kudai," alimwambia wakiwa mezani. "Hasara ya kwanza tunabeba wenyewe kabla wao hawajatia mkono. Halafu ukidai mara moja, mwakani ada inapanda. Labda kompyuta itakauka."

"Itakauka! Ni dagaa?" Fundi alicheka. "Sikiliza, mke wangu. Maji ya bomba, yakija ghafla, wanalipa. Tena wanakupa kipya kwa kilichoharibika. Hawakupi bei ya lile zee lako. Kipya!"

"Tangu lini wewe unajua vifungu?"

"Mtu akioa mwenye bima, anajifunza."

Mama Picha alicheka, hata mama mkwe akacheka. Baadaye, katika mambo yote ya siku zile, kicheko hicho ndicho kilichomwia vigumu kujisamehe.

Lakini usiku na mchana alikuwa anazunguka jambo lile moja. Kompyuta ilikuwa kuukuu kweli, na ukweli huo alikuwa akiusema mwenyewe kila siku: "Mashine hii itaniua kabla ya wakati." Asipodai, hana kazi, na binti yao yuko shule ya bweni. Akidai, atalipwa vyombo. Ila diski haikuwa chombo. Fundi wa kompyuta wa mjini aliifungua, akakunja midomo. Ilikuwa inazunguka maji yalipoingia, alisema. Angeijaribu, lakini asimwekee mtu matumaini. Na ile ya pili, ya akiba, ilikuwa imechomekwa pembeni yake, inanakili kutoka kwa mwenzake, zote mbili mezani pamoja. Hilo Mama Picha alijilaumu peke yake.

*

Nesi alikuja akiwa bado na sare ya kazi. Harusi iliyokuwa ikipikwa asubuhi ile ilikuwa yake. Baba yake aliyesimama mezani kumuaga bintiye alifariki ghafla, kabla filamu haijaisha, na tangu siku ya maziko Nesi alikuwa akipiga simu kuuliza, kwa upole wa mtu anayeogopa kusumbua, filamu imefika wapi.

"Sema tu, dada," alisema alipoketi. "Nimeona uso wako pale mlangoni."

Mama Picha alimwambia. Hakupunguza.

"Na ile kadi ya kamera?"

"Nilishaifuta kwa kazi iliyofuata. Ndivyo tunavyofanya, tukishahamisha."

Nesi alitazama mikono yake. "Unajua, siku ile baba alivyokuwa anaongea, nilikuwa nalia sana. Sikusikia vizuri. Nilijiambia, acha nilie, maneno nitayasikia kwenye filamu."

Fundi, aliyekuwa akinywa chai pembeni, alikohoa. "Usijali, nesi. Bima italeta kompyuta mpya, kali kuliko ile."

Nesi alimgeukia, akamtazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyecheka msibani. "Hiyo mpya itamjua baba?"

Fundi akarudi kwenye chai yake. Nesi alisimama, akamshika Mama Picha bega. "Si kosa lako, dada. Ajali haina kinga. Maji hayakumchagua mtu."

Maneno hayo yalimtuliza Mama Picha. Siku hiyo alilala.

*

Mkaguzi wa bima alikuwa dada kijana wa viatu vya chini, na alifika mapema kuliko alivyoahidi. Fundi alikuwa amesisitiza asubuhi: "Akija, nipigieni. Juu nitapanda mimi, nyinyi mtavunjika miguu bure." Walimpigia, simu ikaita bila kupokewa, labda alikuwa chini ya sinki la mtu.

Mkaguzi alipita chombo baada ya chombo, akigusa, akinusa, akiandika. Aliuliza kila kimoja kilinunuliwa lini na kilikuwa na kazi gani. Alipofika kwenye televisheni aliuliza, "Hii ilikuwa inafanya kazi kweli, mama?" na Mama Picha alihisi masikio yanapata moto, kama aliyesimamishwa dukani afunguliwe mkoba.

"Ilikuwa inafanya kazi, dada. Maharusi walikaa hapo ulipo."

"Usinielewe vibaya. Nauliza watu wote." Alitazama juu. "Nahitaji picha ya kiungo chenyewe kilichoachia. Nani atapanda? Mimi na ngazi hatuelewani."

"Nitapanda mimi. Kupiga picha ndiyo kazi yangu."

Mama mkwe alishika ngazi. Mama Picha aliingiza kichwa kwenye tundu la dari, akawasha taa ya simu. Kulikuwa na vumbi la miaka, kinyesi cha mijusi, na bomba lililopinda kuelekea tangini. Kiungo kilionekana wazi, kimetengana kama midomo. Alipiga picha ya kwanza. Alisogeza mwanga kidogo kwa ajili ya picha ya pili, kwa tabia ya kazi, kwa sababu kivuli kilikuwa kinamsumbua. Akaona hakikuwa kivuli.

Kilikuwa kitambaa. Chekundu, cha mahameli, kimefungwa kwenye bomba, mafundo mawili.

Alibaki mle juu kwa muda. Mahameli ile aliijua kama anavyojua mkono wake. Miaka sita alikuwa akiitandika nyuma ya watu wanaotabasamu. Mpaka mwezi uliopita ilikuwa pazia zima. Kwa hiyo aliyeifunga hapo aliifunga baada ya pazia kuchanika, na kabla ya maji. Tangu maji yaje, hakuna aliyepanda.

"Vipi huko, mwanangu? Umeona nyoka?" mama mkwe aliuliza kutoka chini.

"Sijaona nyoka, mama."

Alishuka. Mkaguzi alikuwa amekwisha kufunga mkoba wake. "Utanitumia hizo picha. Na swali la mwisho, la kawaida tu: kabla ya siku ile, kuna mtu yeyote hapa nyumbani aliyejua kwamba kiungo hicho kinavuja? Maana kama mtu anajua halafu anaacha, hatulipi."

Mama mkwe alifungua kinywa. Mama Picha akamtangulia. "Naomba nikupigie kesho, dada. Kichwa kinaniuma. Vumbi la huko juu."

Mkaguzi alimtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Kesho," alisema.

Alipoondoka, Mama Picha alikwenda chumbani kwa mama mkwe akasimama mbele ya kabati. Alivuta taulo. Mbao za redio ziling'aa kwa mafuta. Mtu alikuwa ameipaka.

"Mama, redio hii nani aliihamisha?"

"Si ni mumeo." Mama mkwe alijibu bila kushuku lolote, akitafuta miwani yake kitandani. "Siku chache kabla ya balaa lile. Aliniambia pale chini itavuta unyevu. Ona Mungu alivyomwongoza."

*

Fundi alirudi ananukia sabuni ya kunawia grisi. Aliuliza mkaguzi alisemaje kabla hata hajavua viatu. Mama Picha aliweka simu mezani mbele yake, picha ikiwa imekuzwa.

Alitazama. Hakuuliza ni nini.

"Ulipanda?" alisema. "Kwa nini hukunisubiri?"

"Kwa hiyo ni kweli."

"Kweli nini? Mimi sikumwaga maji." Alisukuma simu pembeni kwa kidole kimoja. "Nilipanda kuangalia tangi, nikakuta kiungo kinatoa jasho, nikafunga kitambaa bila kufikiri. Mkono umezoea. Ningerudi siku ya pili. Halafu nikawaza... Maji yalikuja yenyewe, mke wangu. Mimi niliacha tu."

"Uliacha. Ukahamisha redio."

"Redio ya baba haina mbadala."

"Na vya kwangu?"

"Vya kwako vina bima."

Alilisema haraka, na baada ya kulisema alionekana kama mtu aliyekanyaga pasipo na ngazi. Mama mkwe alisimama mlangoni, miwani mkononi.

"Lazima kitu kilowe," Fundi aliendelea, sasa kwa sauti ya kubembeleza. "Bima hailipi hewa. Kila siku unaniambia mashine itakuua. Mimi kazi zangu unaziona; leo sinki moja, kesho hakuna. Ningekununulia kwa pesa gani? Nikasema, angalau hapa atapata mpya. Nilikuwa nakufanyia wewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ningekataa," Mama Picha alisema. "Ndiyo maana hukuniambia. Ulitaka mkaguzi akiniuliza, nijibu 'hapana' kwa moyo mweupe. Mkataba una jina langu. Uliazima uso wangu, Fundi, ukaenda nao kazini."

Mama Picha aliigeuza simu kifudifudi.

"Na baba yake Nesi? Naye alikuwa na bima?"

"Sikujua kama yumo mle," Fundi alisema polepole. "Walahi, hilo sikujua."

Mama mkwe aliketi kwenye kona ya kiti. Alikuwa amemlea Mama Picha tangu alipoingia nyumba ile akiwa bi harusi. Alimfundisha kukoroga uji wa mgonjwa, alimshika mkono siku ya kujifungua. Mama Picha alimgeukia kama mtu anavyogeukia mlango wa nje.

"Mwanangu," mama mkwe alianza, "maji yakimwagika hayazoleki. Alichofanya si kizuri. Lakini mume ni mume. Mkaguzi anataka neno moja tu. Mpe hilo neno, mambo yaishe, mtoto asome. Hao wenye bima wamekula vyako miaka yote, hawajawahi kukuuliza umelala umekula nini."

"Mama, wewe unajua sasa. Ukiulizwa?"

"Mimi mzee. Nitasema masikio yangu hayasikii."

Wote watatu walikaa. Chakula kilipoa. Mama Picha alikuwa akimwona Nesi na sare yake, mkono juu ya bega: maji hayakumchagua mtu. Alijua sasa kwamba maji yalichaguliwa mahali, kwa jicho la fundi, na mahali penyewe ni mezani kwake.

*

Asubuhi alipiga simu akiwa amesimama chumba cha kazi, chini ya tundu.

"Naondoa dai langu."

"Una uhakika, mama?" mkaguzi aliuliza. "Hasara yako ni kubwa. Nimeiona mwenyewe."

"Jibu la swali lako ni ndiyo. Kuna aliyejua."

"Wewe?"

"Si mimi. Lakini nyumba ni moja."

"Sawa." Sauti ya mkaguzi ilishuka. "Wengi hunijibu 'hapana' kabla sijamaliza kuuliza. Pole, dada." Hakumwita tena mama.

Simu ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Nesi alisikiliza mpaka mwisho. Mama Picha alisikia nyuma yake vyombo vya wodi vikigongana na mtu akiita jina la mgonjwa.

"Ungeniacha na ajali, dada," Nesi alisema hatimaye. "Ajali nilikuwa nimeanza kuizoea." Akakata.

Mama Picha alikaa chini palepale kwenye sakafu iliyovimba. Hakulia. Alikuwa amefikiri kwamba ukweli ukisemwa utapunguza kitu. Na labda utapunguza, lakini si siku hiyohiyo. Mchana simu ililia ujumbe. Ulitoka kwa Nesi, bila salamu. Binamu yake alikuwa amerekodi hotuba kwa simu, akiwa nyuma ya ukumbi, kelele nyingi, mwanzo haupo. *Unaweza kuisafisha sauti?*

Aliusoma mara nyingi. Akajibu: *Nitaazima kompyuta. Nitaanza leo.*

Jioni alimkuta Fundi juu ya ngazi. Alikuwa akikata bomba, akipaka gundi, akikaza, kazi ya dakika chache ambayo angeweza kuifanya mwezi mzima uliopita. Aliposhuka, kitambaa chekundu kilikuwa kiganjani mwake, na hakujua akitupe wapi.

"Kiungo kimezibwa," alisema. "Hakitavuja tena."

Mama Picha alikichukua. Alitembea mpaka mlango wa chumba chao cha kulala, akakizungusha kwenye kitasa, akafunga mafundo mawili. Fundi alimtazama kama mwanafunzi anayetazama mtu akiandika ubaoni jina lake.

"Alama hii maana yake nini, Fundi?"

"Kwamba panavuja."

"Na nini tena?"

Alikigusa kitambaa. "Kwamba fundi atarudi kutengeneza."

"Basi usikifungue kabla hujatengeneza," alisema. "Na ukipaka gundi tu, nitajua."

Aliingia akafunga mlango. Fundi alibaki ukumbini, mikono ikinuka gundi ya bomba. Baada ya muda mama yake alitoka, akamtandikia mkeka kando ya ukuta, mahali alipoihamishia redio asubuhi ile, ikiwa kavu, inang'aa, haijaguswa hata na tone.